Kabla Sijalipa

Kabla sijalipa, niliwauliza wenye nazo.

Mgalula wa tumbaku, kule Urambo, akasema:
chukua pikapu ya kabini mbili,
mtu mzima hapandishi wageni nyuma kama mbuzi wa mnada.
Alikuwa akiifuta yake kwa leso,
ile leso ya kwenda nayo kanisani.
Nikamwuliza inakula kiasi gani.
Akatazama barabara.
"Gari haliulizwi chakula mbele za watu."

Bwana Sizya, mwalimu mstaafu wa Isevya,
ana ya kwake mwaka wa kumi na moja,
na daftari lenye kila lita, kila nati, tarehe,
na mvua iliyonyesha siku hiyo.
"Dizeli," akasema. "Petroli ni mchumba wa mjini,
leo anacheka, kesho anadai."
Mkewe akapaza sauti kutoka jikoni:
mwulize basi mimi nimeipanda lini!

Nyanzobe wa mbao, Kaliua, hakusema kwanza.
Akafungua boneti, akanionyesha kamba ya manila
imeshika palipotakiwa bolti.
"Imenijengea nyumba. Imenikosesha mume.
Nikipewa tena, nachukua hii hii."

Mimi nina ndoo. Ndoo arobaini za asali kila msimu.
Marehemu baba alizibeba kwa baiskeli, mbili mbili,
Sikonge hadi Tabora, akitoka giza, akiingia giza.
Mguu wake wa kulia haukunyooka tena.
Hata siku anakata roho
ulikuwa bado unatafuta pedeli.

Basi nikanunua. Namba C, rangi ya majivu,
kabini moja na nusu, kama nyumba iliyokwama kwenye renta.
Dalali akaapa kwamba ilikuwa ya daktari.
Kila gari la mkononi Tabora lilikuwa la daktari,
sijui hao madaktari walitibu saa ngapi.

Wiki ya kwanza, lami tupu, nilijiona bibi harusi.
Wiki ya pili nikaiacha lami, mbele ya Ipole,
nikashika njia ya mizinga:
mchanga, mchanga, halafu mbuga,
udongo mweusi unaomvua mtu kiatu na kukataa kukirudisha.
Pale ikakaa.
Ikakaa kama mkwe aliyefuata salio la mahari.
Nikakumbuka ile gia ya foowili.
Nikaivuta.
Ikatoka nzima, na kirungu chake,
nikabaki nayo mkononi, nacheka peke yangu msituni.

Asubuhi nyuki wakaja kudai chao, wakajaa kwenye kioo.
Nyuma yao warina asali sita kutoka kambini.
Wakakata matawi, wakalaza chini ya tairi,
wakainyanyua ubavu mmoja
kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani.
"Afadhali umeleta nyepesi," akasema Igembe, tope hadi kwenye nyusi.
"Ile ya Mgalula tuliiacha hapa hadi kiangazi."

Hilo Mgalula hakunisimulia.

Siku hizi naulizwa mimi.
Jana, pale Tutuo, kijana mmoja, Kapela,
pesa za karanga kazificha kwenye soksi,
akaizunguka mara tatu, akapiga teke tairi,
kama tunavyopiga wote tusiojua.
"Mama, nichukue ipi?"
Maneno yakanipanda hadi kooni:
dizeli, daftari, kamba ya manila.
Nikayameza.
Nikafuta kiti cha pembeni. Kinanata,
kitanata hadi siku ya kuuzwa chuma chakavu.
Panda, nikamwambia,
halafu nikamwuliza ambalo mimi sikuulizwa na yeyote:
njia unayopita ni ipi?

"Ukitoka Usunga," akaanza, "kuna daraja la magogo,
gogo la tatu limeoza, lakini ukijua…"

Nikazima injini nimsikie vizuri.